Albamu ya Mtu Mmoja na Kamati Yake

Waumini walimjua Mwalimu wetu wa kwaya kwa mgongo. Sisi wanakwaya tulimjua kwa uso, hasa nyusi, maana kwa nyusi alipandisha soprano na kushusha besi. Sauti yake hakuijua mtu. Kwa miaka yote niliyoimba mbele yake, hapa kwetu Muleba, sikuwahi kumsikia akiimba mstari mmoja mpaka mwisho. Alipotaka kutupa noti alipuliza kifilimbi chake kidogo, akavumisha puani mara mbili tatu kwa kila kundi, basi. Mwalimu akianza kuimba, alisema, hawasikii tena wanafunzi wake.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake ulihamia lini. Hayo ndugu zake watayasema siku yake ikifika, tena watayasema kwa kirefu, kwa sababu sisi Wahaya hatujawahi kufupisha wasifu wa mtu. Mimi nitasema niliyoyaona. Nilikuwa katibu wake, kwa hiyo mengi ya niliyoyaona niliyasababisha.

Alichelewa kila mahali isipokuwa kwenye muziki. Mikutano ya shule alifika wakati wa kufunga. Harusi alifika wakati wa keki. Lakini mazoezi ya saa tisa yalianza saa tisa, hata kama tumekuja watu wawili na wote besi. Siku za mvua aliongoza misa akiwa amevaa mabuti ya shambani chini ya kanzu ya kwaya, na hakuna aliyethubutu kucheka ila mke wake, aliyekuwa soprano wa mstari wa mbele. Mke wake alimcheka kwa kila kitu. Nadhani ndiyo sababu alimpenda vile.

Makofi aliyachukia. Alisema makofi ni watu kujisikiliza wenyewe. Kipaza sauti nacho alikichukia; koo linalohitaji umeme, alituambia, lipelekwe hospitali. Ni mtu huyohuyo aliyekuja kusafiri hadi Bukoba mjini kutafuta amplifaya, na alipoulizwa kulikoni, alijibu kwamba koo lake sasa ni gonjwa. Methali pia hazikumwingia. Ukimwambia kidole kimoja hakivunji chawa, alikutazama kwa upole akakujibu kuwa yeye hana chawa.

Mke wake alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, na sisi tulimzika vizuri. Nasema hivyo kwa fahari, kwa sababu wakati ule nilikuwa na fahari. Mahema yalikuja, viti vya kukodi vilikuja, ndizi za bitoke zilikuja mikungu kwa mikungu. Kwaya iliimba bila mwalimu wake. Kwa desturi yetu mfiwa hasemi. Hukaa mbele, akaonewa huruma, na familia humchagua mtu wa kusema kwa niaba yake. Walinichagua mimi kwa kuwa sauti yangu inafika mbali. Nilisoma neno la shukrani: nikawashukuru majirani, waliochimba kaburi, waliopika, walioleta maji, wenye gari, wenye viti. Watu walinisifu. Nilipomaliza, Mwalimu alifungua mdomo na kuanza kuinuka, na shemeji yake akamshika bega akamrudisha chini.

"Tulia, Mwalimu," alimwambia. "Yote yameshasemwa."

Niliona jambo hilo kwa macho yangu, nikaona kwamba amefarijiwa.

Miezi kadhaa baadaye alikwenda Bukoba kununua kufuli. Duka alilokwenda ni la mmoja wa Wahindi wachache waliobaki pale mjini. Ndugu zake wamehamia Dar na ng'ambo. Yeye amebaki na duka la baba yake, na Kihaya safi kinachowaaibisha wajukuu zetu. Ndani ya duka lile, katikati ya rimu za baiskeli na taa za chemli, lilikuwa limetundikwa gitaa la umeme ambalo hakuna aliyewahi kuuliza bei yake. Mwalimu aliomba aliguse. Mwenye duka alilishusha, akalifuta vumbi, akaliunganisha na spika ya redio, na Mwalimu akasimama kati ya majembe na ndoo akaimba. Mwenye duka ndiye aliyenisimulia baadaye. Wateja wawili walitoka nje, na wa tatu alisahau alichokuja kununua.

Kumbe zamani, chuoni kwa walimu, alikuwa na bendi ya roki ya watu wanne. Aliiacha alipokabidhiwa kwaya, na aliyejua siri hiyo ni mke wake peke yake. Alirudi Muleba na gitaa. Kufuli alilisahau dukani.

Jumapili moja baada ya mazoezi alitutangazia kwamba anataka kurekodi. Tulishangilia, tukidhani ni nyimbo za Majilio. Akasema hapana, ni nyimbo zake mwenyewe, nane, za roki, na ataziimba yeye. Mwenyekiti wa kwaya, mzee mstaafu wa ushirika ambaye sijui kamati aliyokosa kuiongoza katika tarafa nzima, aliuliza kwa heshima zote roki ni kitu gani.

"Ni mtu mmoja mwenye hasira," alisema Mwalimu, "na watatu wa kumshikilia asianguke."

Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa kwa busara, akaniambia niandike kwenye muhtasari: muziki wa hasira, utatiwa upole. Halafu akasema penye wengi hapaharibiki neno, tukaunda kamati.

Lazima msomaji aelewe hapa. Kwetu mtu hafanyi jambo peke yake. Ukionekana unachimba msingi wa choo, ukigeuka utakuta watu wameshachagua mwenyekiti, katibu na mtunza vinywaji. Si uchokozi, ni upendo. Mwalimu alitaka watu wanne. Akapewa kumi na wanne, na kikundi cha kwenye simu kilichoanza kila asubuhi kwa sala na kuisha kila jioni kwa picha za mtu akiwa kazini. Kila mwanakamati alileta kitu. Mmoja aliazima dramu za baa ya Kemondo, mwingine akatoa pikapu yake ya dagaa kubebea vyombo. Mmoja alitoa mkungu kila wiki wa kulisha wapigaji, na mwingine ambaye hakuwa na kitu alitoa ushauri. Nami niliandika majina yote, pamoja na la yule wa ushauri.

Studio ilikuwa Bilele, palepale Bukoba mjini, chumba cha nyuma ya saluni, kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi. Umeme ulikuwa mmoja kwa nyumba nzima. Mashine za kukaushia nywele zikiwashwa, kompyuta ya fundi ilizimika, kwa hiyo roki ya Mwalimu ilisubiri vichwa vya watu vikauke. Alikaa kwenye benchi la wateja, gitaa mapajani, akina mama wakimwuliza kama ni la kanisani. Aliwajibu kuwa ndiyo, la kanisa dogo.

Tulirekodi msimu wa mvua za Novemba, kosa ambalo mgeni asingelifanya, maana mgeni angeuliza. Asubuhi ya siku ya wimbo wa pili, mtu alipita nje akisema senene, wale panzi wetu wa kukaanga, wameanguka, wengi, mpaka barabarani. Mpigaji wa besi aliweka gitaa chini kwa adabu, akatoka. Mpiga dramu alimfuata na ndoo. Mwalimu aliendelea kupiga peke yake mpaka mwisho wa ubeti, na fundi, aliyekuwa amebakia kwa sababu ya mafua, akarekodi. Sehemu hiyo ipo mpaka leo. Watu wanaojifanya kujua muziki wameniambia ule utupu wa besi ni ubunifu mkubwa. Huwa nakubali.

Sauti yake sasa. Siku ya kwanza aliyosimama mbele ya kipaza sauti, sote tulitazama sakafu. Tulizoea kumwona kama saa ya ukutani, kitu kinachopanga wengine, na hapa ilitoka sauti ya mtu, imekwaruza kama mlango wa ghala la kahawa, ikipanda mahali isipoweza kufika na kukaa hukohuko ikitetemeka. Fundi alikuwa mtu mwema, baba wa watoto wawili, na alitaka kusaidia. Alibonyeza vitu fulani kwenye kompyuta kisha akamwita asikilize.

"Mwalimu, hapa sauti ilitoka nje ya ufunguo. Nimeirudisha."

"Haikutoka," alisema Mwalimu. "Niliitoa."

Fundi akasema sawa, ataiacha. Mwenyekiti akamvuta pembeni, akamweleza kwamba Mwalimu ni mtu mkubwa hapa, hawezi kuachwa aaibike mbele ya watu, na kwamba mfiwa hufanyiwa mambo. Fundi akaelewa. Marekebisho yalifanyika siku Mwalimu hayupo.

Wimbo uliokuwa roho ya kazi yote ni wa tano, "Viti vya Kukodi". Unasimulia siku ya baada ya mazishi, wenye viti wanapokuja na gari lao. Hakuna malaika ndani yake wala mbingu. Una noti nne tu zinazozunguka, na yeye akisema: wamehesabu viti, kimoja hakipo, wananiuliza mimi. Anarudia hivyo mara nyingi, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, mpaka inakuwa si kuimba. Mara ya kwanza kuusikia, mle chumbani, nilikumbuka ile siku aliyoshikwa bega. Nilijua kabisa kwamba hili ndilo alilotaka kulisema akazuiliwa, na kwamba albamu nzima imetengenezwa ili wimbo huu upate mahali pa kukaa. Nakiri kuwa nililijua. Ndiyo maana yanayofuata hayana udhuru.

Kiongozi wa sauti ya pili, jirani yake wa mpaka mmoja wa kibanja, yaani shamba la migomba, mama mwenye moyo wa dhahabu na mapafu ya ng'ombe, tulimwita Mama Alto. Alisikiliza wimbo ule akafuta machozi, akasema haiwezekani. Kesho yake alifika Bilele na wenzake sita. Mwalimu aliwauliza wamefuata nini.

"Kwenye wimbo ule unaonekana mpweke sana," alisema Mama Alto.

"Ndivyo wimbo unavyosema."

"Ndiyo maana tumekuja."

Wakaimba "aaa" nyuma yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, sauti tatu, tamu mno. Mwalimu mwenyewe aliwaongoza. Angefanyaje? Walisafiri kwa pikapu ya dagaa kutoka Muleba kwa ajili yake, na mkono wake ulikuwa umezoea. Nilimwona akiwapandisha kwa nyusi, huku wimbo wake ukizama taratibu.

Halafu likaja langu. Kazi ilipokwisha, Mwenyekiti aliitisha kikao akasema albamu haiwezi kwenda kwa watu bila neno la shukrani. Watu wametoa jasho, wakinyamaziwa watasema shukrani ya punda ni mateke. Mwalimu alipendekeza majina yachapwe kwenye karatasi ya jalada. Wakamkumbusha kwamba wengi siku hizi watapata nyimbo kwa flashi, na flashi haina jalada. Kwa hiyo majina yasomwe, tena mwanzoni, kwa sababu mgeni hushukuriwa kabla hajaondoka. Nani asome? Wote walinigeukia. Naweza kudai nilisitasita, lakini niliyekuwa mle chumbani ni mimi, na sikusitasita. Mwalimu alisema jambo moja tu.

"Nilitaka watu wanisikie."

"Watakusikia," Mwenyekiti alimjibu, "wakishashukuriwa."

Basi nikasoma. Nilianza na itifaki imezingatiwa, nikafuata kata kwa kata, kijiji kwa kijiji, Muleba, Kemondo, Bukoba, waliotoa vyombo, waliotoa mikungu, waliotuombea. Fundi akaweka kinanda cha polepole chini yangu. Nilitumia dakika kumi na moja, na nilipotoka kwenye kile chumba nilijisikia msanii.

Uzinduzi ulifanyika katika ukumbi wa Kemondo, na kamati, kwa kutojua uzinduzi wa roki unakuwaje, ikafanya harusi. Kulikuwa na meza kuu, mapambo ya kitambaa cha zambarau, mshereheshaji, keki yenye umbo la gitaa na zawadi za vyombo vya jikoni. Mwalimu alikalishwa katikati ya meza kuu, na kiti cha kando yake kilipambwa kikaachwa wazi, maana mapambo ya meza kuu huja ya viti viwili. Hakuna aliyeliona hilo ila yeye, nami nikaliona kwa kuwa alilitazama. Hotuba zilikuwa tisa. Ilipofika zamu ya muziki, mgeni rasmi alikuwa na safari, dramu zilikuwa zinahitajika kurudi baa, na ratiba ikaomba Mwalimu afuatishe midomo juu ya wimbo uliorekodiwa. Alikataa kuchezesha midomo. Alikwenda mbele, akasimama kando ya spika, mikono nyuma, na sote tukaisikia sauti yake iliyorekebishwa ikiimba vizuri huku yeye akiisikiliza kama mzazi anayesikiliza taarifa za mtoto wa jirani. Kisha makofi yakapigwa kwa muda mrefu.

Albamu ilipendwa. Sitaki mtu adhani haikupendwa. Redio moja ya mjini ilianza kuipiga wiki ile ile. Yaani, ilipiga wimbo wa kwanza, na wimbo wa kwanza nilikuwa mimi. Wasikilizaji walipiga simu kuomba urudiwe, hasa pale penye jina la baba, au pale penye kijiji chetu. Mzee mmoja wa Bilele aliwaita wanawe kutoka shambani wasikie jina lao likipita redioni, wakachelewa, akaomba tena kesho. Wenye pikipiki waliuweka. Saluni waliuweka. Wale ambao majina yao hayakutajwa walinuna, wakaja kulalamika kwa adabu, na kamati ikatoa toleo la pili lenye nyongeza ya dakika nne. Wanafunzi wa chuo fulani mjini walisema si roki. Baadhi ya waumini walisema si dini. Wengine wengi walisema ni nzuri sana, na ukiwauliza wimbo gani waliupenda, walikutajia majina ya watu.

Nami nikawa mtu. Nilialikwa kusoma shukrani kwenye harusi za watu nisiowajua. Watoto wa njiani waliniita Itifaki. Nilishona suti. Nikiwa na suti ile nilikutana na Mwalimu mara nyingi, na kila mara aliniuliza habari za nyumbani, nikamjibu, tukaagana. Hakumlaumu mtu. Aliposhukuriwa alishukuru. Laiti angegombana nasi siku moja tu, tungeunda kamati ya usuluhishi na mambo yangekwisha. Badala yake alikabidhi kifilimbi kwa msaidizi wake, akisema magoti yanamsumbua, na amplifaya akaiachia parokia, ambako sasa inatangazia ndoa. Magoti yake hayakuwa na tatizo. Nilimwona akipanda mlima na mkungu kichwani.

Ningeendelea hivyo mpaka leo kama nisingeingia siku moja katika lile duka la Bukoba kutafuta bawaba. Mwenye duka alikuwa amekaa na redio ndogo iliyochomekwa flashi. Alinisalimu Kihaya, salamu zote, watoto, ng'ombe, mvua. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama anayeuliza bei ya kahawa msimu huu.

"Yule mwalimu, sauti yake mliifanyaje?"

Nikamwambia iliboreshwa. Akasema alinunua albamu, akaisikiliza yote hapo dukani, nyimbo nane, akimtafuta yule mtu aliyesimama kati ya majembe. Hakumwona. Alidhani ameuziwa nakala mbaya, akanunua nyingine. Akaniuliza mimi niliposikiliza nilimwona kwenye wimbo wa ngapi.

Nilinunua bawaba nikaondoka. Ukweli ni kwamba sikuwa nimesikiliza. Nilikuwa nayo albamu ile kwenye simu kwa miaka miwili, na kila nilipoifungua nilijisikiliza mimi, dakika kumi na moja, mpaka pale ninapomshukuru Mungu, kisha nikaizima. Jioni ile niliisikiliza yote. Wimbo wa tano ulikuwa mtamu. Ulikuwa mtamu kiasi kwamba ungeweza kupigwa kwenye harusi, na nilipogundua hivyo niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, ya kumzuia mtu kusema mara mbili, mara zote mbili kwa sauti yangu mwenyewe, na mara zote mbili nikapigiwa makofi.

Nilikwenda kwake alasiri ya siku ya kazi, bila suti. Nilimkuta kibanjani akikata majani makavu ya migomba, mabuti yale yale miguuni. Alinikaribisha kwenye kizingiti, akanipa punje za kahawa za kutafuna kama anavyopewa mgeni yeyote, akaketi. Njiani nilikuwa nimetunga maneno ya kuomba radhi, na yalikuwa mazuri. Nilikohoa nikaanza kwa kusema kwanza kabisa.

"Katibu," alisema, "usinisomee."

Tulitafuna kahawa. Kisha nilimwambia jambo moja, kwamba nimekuja kuusikia wimbo wa tano. Alinitazama kwa muda, nyusi zikiwa zimetulia, sijui kama alikuwa ananipima au anatafuta sababu ya kukataa. Akaingia ndani akatoka na gitaa. Bila amplifaya lilisikika kidogo tu, mlio mwembamba wa nyuzi ambao kuku waliukaribia bila woga. Akaimba.

Sitajaribu kuisifu. Ilikuwa imekwaruza zaidi kuliko ile ya Bilele, uzee umeongeza yake. Alihesabu viti. Kimoja hakikuwepo. Walimwuliza yeye. Alipofika pale pa kupanda, akapanda, sauti ikatoka nje ya ufunguo akaiacha huko nje, na mimi niliyesoma shukrani za msiba ule kwa ufasaha mkubwa nikaanza kulia, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuelewa kwamba mke wake amekufa. Nilikuwa nimeelewa kwamba kuna msiba.

Katikati ya marudio ya mwisho Mama Alto alitokea mpakani na kikapu. Akabisha hodi. Mwalimu hakuitika. Akasogea akasema "Kasinge waitu," salamu ambayo kwetu hapa mtu huiitikia hata akiwa kitandani na homa, na Mwalimu hakuiitikia. Sijawahi kuona jambo kama hilo Muleba. Mama wa watu alisimama na kikapu chake, salamu yake ikining'inia, akanitazama kuniuliza kama mzee amepatwa na kitu. Taratibu aliweka kikapu chini, akasikiliza, na wimbo ukaenda mpaka mwisho wake.

Mkono wa Mwalimu ulitulia juu ya nyuzi. Mama Alto alikuwa na machozi.

"Wimbo huu, Mwalimu," alisema. "Mbona hukutupa tuurekodi?"

Yeye mwenyewe yumo katika wimbo huo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, akiimba "aaa". Mwalimu alimtazama kwa upole ule ule aliowapa watu wote maisha yake yote.

"Niliusahau," alisema.

"Haufai kupotea. Tukae kikao, sisi wale wale. Katibu, andika, jina langu liwe la kwanza."

"Sina kalamu," nilisema.

Kalamu ilikuwa mfukoni mwa shati langu, kifuani, na sote watatu tuliiona. Mwalimu aliegemeza gitaa ukutani bila haraka, akasogea kidogo pale kizingitini ili nafasi ipatikane, akachukua punje chache za kahawa akamnyooshea.

"Kasinge, mama," alisema. "Karibu ukae."